Trekta Jembamba la Mteremkoni

Waliowaua wenzangu wawili ni msimamizi wa shamba na fundi wa karakana. Nawataja kwa kazi zao, inatosha. Shamba lilikuwa la zabibu, nje ya Dodoma, nami nilikuwa kijana niliyeishia darasa la nne, napogoa mizabibu ya watu. Trekta la shamba lilikuwa na upinde wa chuma nyuma ya kiti cha dereva, ule unaomkinga mtu trekta likipinduka. Mlango wa banda ulikuwa mfupi, upinde ukawa unagonga juu. Badala ya kuinua mlango, msimamizi alimwambia fundi aukate upinde. Fundi akaukata, akaenda nao kwake, akatengenezea kitanda. Mwezi haukuisha. Tulikuwa watatu, dereva kwenye kiti na sisi wawili tumesimama nyuma yake, tunapita ukingo wa korongo uliolainika kwa mvua. Trekta lilienda ubavu, kisha likageuka matairi juu. Wao wawili lililala juu yao. Mimi lilinishika mguu wa kushoto tu. Ripoti ikaandikwa kwamba dereva alikuwa mzembe. Msimamizi aliitia sahihi, na fundi akaitwa shahidi.

Miaka mingi sikumwambia mtu habari hiyo. Nilipofika Stockholm kumfuata mke wangu, aliyekuja kusomea uuguzi, nilisema nachechemea kwa sababu ya ajali ya gari, na watu wakaridhika. Ukisema ajali ya gari hakuna anayeuliza zaidi. Mke wangu aliingia hospitali, mimi nikaingia ngazi. Zaidi ya miaka ishirini nimesafisha ngazi za majengo ya mtaa wa Husby, kutoka juu kushuka chini, na kila jengo najua kilango chake kinavyofunga.

Shamba la hapa tulilianzisha watu watatu. Wa kwanza ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyeijua mizabibu. Wa pili ni dada mmoja wa Burundi, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akimhudumia alikuwa na mteremko unaotazama kusini, kando ya Ziwa Mälaren, umeota majani tu, na ndiye aliyekubali kutukodishia. Wa tatu ni mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, Mtanzania mwenzangu, aliyekuja zamani kama mwanafunzi na sasa ana ofisi yake Sundbyberg. Huyu alileta mkataba na maneno.

Hapa kwetu ugenini kuna desturi ambayo hakuna aliyeipitisha kwenye kikao. Anayejua kuwaandikia wenzake barua za ofisini, huyo ndiye mkubwa. Mwenyekiti ametuandikia karibu wote. Aliandika barua iliyowaleta watoto wa yule dada kutoka kambi ya wakimbizi. Mimi aliniandikia walipotaka kuniondoa kazini kwa ajili ya mgongo, na nikabaki. Barua moja kama hiyo huisahau, na yeye hakuachi uisahau. Basi akisema jambo, tunasema sawa. Akisema chai haina sukari, tunaongeza sukari kwenye vikombe vyetu vyote.

Tulipanda zabibu nyeupe, aina inayovumilia baridi, mistari ishirini na sita kutoka juu hadi chini, kati ya mstari na mstari mita mbili. Hiyo mita mbili niliipigania. Mwenyekiti alitaka kupima kwa hatua zake, nikamwambia hatua ya mtu mwenye haraka hairefuki sawa na ya mtu aliyechoka, tukafunga kamba. Misimu miwili tulifanya kazi kwa jembe, toroli na bomba la dawa la mgongoni. Msimu wa tatu mizabibu ilishika waya za juu, majani yakatushinda, na dada akasema mgongo wake hauna barua ya kuutetea. Ikabidi tutafute trekta.

Kikao tulikifanya nyumbani kwa mwenyekiti, Bredäng, Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amekwisha kuchagua. Alitupitishia simu yake tuone picha: trekta jekundu, kubwa, matairi ya nyuma yanamfika mtu kifuani, linauzwa na mkulima mmoja kaskazini mwa mji. Akasema hilo ni trekta la heshima, watu wa chama wakija kututembelea wataona kweli hawa wana shamba. Nikamuuliza upana wake ni kiasi gani. Akacheka kwa upole, kama anavyocheka na watu wa ofisini.

"Kaka, trekta ni trekta," alisema. "Wewe tuachie hesabu, utuangalizie majani."

Dada aliangalia kikombe chake. Mimi nikasema sawa. Naandika hapa kwamba nilisema sawa, maana nimewataja wengine na mimi nisijifiche. Na tulikubaliana pia kwamba dereva atakuwa dada, kwa sababu yeye ana leseni na anaendesha gari la kazi kila siku, na mguu wangu wa kushoto haukanyagi klachi ukakaa.

Kabla ya siku ya kwenda kuliona nilipita shambani peke yangu. Nilichukua fito la mbao, nikasimama katikati ya mistari miwili, nikatoa nafasi ya majani huku na huku, nikakata fito kwa kipimo kilichobaki. Mita moja na nusu kasoro kidogo. Kitu chochote kipana kuliko fito hilo kingetembea kimevaa majani yetu.

Tulikwenda kwa gari la mwenyekiti. Fito lilipita kati ya viti viwili vya mbele na yeye aliliangalia njia nzima kama nimebeba mbuzi.

Trekta lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Liling'aa. Mkulima alilipiga moto, likanguruma mara moja, na mwenyekiti akapanda, akashika usukani, akaomba dada ampige picha. Mimi nililaza fito mbele ya matairi. Lilipitwa upande huu kwa mkono mzima na upande ule kwa mkono mzima. Mwenyekiti akasema majani ni laini, yatajikunja. Nikazunguka nyuma.

Nyuma ya kiti kulikuwa na matundu manne ya boliti, mawili kulia, mawili kushoto. Yalikuwa yamepakwa rangi nyekundu hadi ndani. Niliyashika kwa kidole. Nilijua kilichokuwa kimekaa hapo. Nikaegemea tairi.

Nilimwuliza mkulima kwa Kiswidi changu cha ngazini, kile cha kuwaambia wapangaji watoe vigari vya watoto njiani. Upinde uko wapi? Hakuficha. Alisema mlango wa ghala lake ni mfupi, ulikuwa unagonga, akaufungua. Sasa hajui ulikokwenda. Alisema pia kwamba yeye shamba lake ni tambarare, hajawahi kuuhitaji, na akaonyesha kwa mkono lile shamba lake lililolala kama meza.

Dada alikuwa amesimama mbali kidogo, hakusikia. Akamwuliza mwenyekiti mkulima anasemaje.

"Anasema lipo katika hali nzuri kabisa," alijibu mwenyekiti. "Limetunzwa ndani ya ghala."

Sikudhani alikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hata msimamizi wa Dodoma sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliona mlango, hakuona watu. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuituma ile picha kwenye kundi la chama, watu wamekwisha kumpongeza, na kipande cha chuma kisichokuwepo kisingemharibia siku. Nawaandika pamoja kwa makusudi. Anayekata chuma ni fundi, lakini anayekaa kimya juu ya chuma kilichokatwa naye anahesabiwa.

Nikasema, mbele ya mkulima, kwa Kiswahili, kwamba mwenyekiti hakutafsiri yote. Nikamweleza dada habari ya upinde.

Mwenyekiti alishuka. Uso ulikuwa umembadilika. Alisema hayo ni mambo madogo, watu wanalima bila hayo miaka nenda miaka rudi. Akasema wengine tukipewa nafasi ndogo ya kusikilizwa tunajifanya mainjinia. Kisha akaona tupige kura hapo hapo, kwa kuwa yeye ni mtu wa demokrasia. Alijua vizuri anachofanya. Alinyoosha mkono wake juu, akamgeukia dada, akamwita mama watoto, kwa sauti laini. Hakuitaja barua. Hakuwa na haja ya kuitaja.

Mkono wa dada ulianza kupanda. Niliuona umefika usawa wa bega.

Ndipo nikavua kiatu cha kushoto. Nikavua na soksi, nikapandisha suruali mpaka gotini, uani kwa mtu, kwenye baridi. Watu hawa walinijua miaka mingi na hawakuwahi kuuona mguu ule. Nikawaambia habari yote kama nilivyoiandika hapo juu: mlango mfupi, msimamizi, fundi, kitanda, korongo. Niliwaambia dereva alikuwa na mke mwenye mimba, na kwamba nililala kando yake kutoka saa nne asubuhi mpaka walipokuja kutuinua alasiri, nikimwita na yeye ananijibu, mpaka akawa hanijibu. Sikupandisha sauti. Mkulima hakuelewa neno lakini alizima trekta.

Dada aliushusha mkono wake. Akautazama mguu, akatazama kiti cha trekta.

"Mwenyekiti, ninakuheshimu," alisema. "Watoto wangu wako hapa kwa sababu yako, nami sitasahau. Lakini mwenye kukaa pale juu ni mimi, na pale sikai."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniponya, kama naweza kutumia neno hilo. Miaka thelathini nilitaka mtu mmoja aseme hivyo mbele ya mwenye cheo. Nilivaa soksi yangu bila haraka.

Jioni hiyo mwenyekiti aliandika kwenye kundi la chama kwamba kuna watu katika jamii yetu ambao maendeleo yakija mlangoni wanayapima kwanza kwa fito. Watu wakacheka sana, mmoja akaniita mhandisi wa mafito, na jina hilo lilinikaa majira yote ya baridi. Nilikuwa natafuta trekta.

Na nililipata wapi? Kazini kwangu, chini ya pua yangu. Husby theluji ikidondoka, asubuhi huja trekta dogo kusafisha njia za watembea kwa miguu. Miaka yote nililiona kama mtu anavyoona taa ya barabarani. Asubuhi moja nilikuwa nakung'uta mazulia ya mlangoni, likapita kati ya ukuta na baiskeli zilizofungwa, mahali ambapo mimi na toroli langu la kusafishia tunapita kwa kujibana. Liligeukia pale pale, likarudi. Nyuma ya kiti, upinde. Nikaacha mazulia nikalikimbilia nikichechemea, dereva akadhani amemgonga mtu.

Nilikwenda chumba cha vifaa nikaleta fito, maana nilikuwa nalitunza pale kati ya mafagio. Tukalilaza mbele ya matairi. Fito lilizidi kwa kiganja kila upande. Dereva alipojua nataka kujua nini alisema lile trekta kwa kuzaliwa ni la mashamba ya mizabibu huko kusini mwa Ulaya, huku kaskazini watu wamelifanya la theluji. Nilisimama kwenye theluji nikacheka peke yangu. Akaniambia tena kwamba kampuni yao inabadilisha mashine, na mwisho wa baridi matatu ya aina ile yatauzwa.

Sikutaka nionekane nimenunua kwa furaha. Matatu yalipotolewa uani kwao, niliyapitia kama ninavyokagua ngazi, kutoka juu. La kwanza lilikuwa limekula kutu chini kwa ajili ya chumvi wanayomwaga barabarani, nililichokonoa kwa bisibisi ikazama. La pili gia ya kwanza ilikuwa inajitoa yenyewe, na mteremkoni gia ya kwanza ndiyo roho ya mtu. La tatu lilikuwa baya la sura. Rangi ya machungwa imepauka, kiti kimechanika, taa moja imefungwa kwa utepe wa gundi. Lakini chini lilikuwa zima, lilikuwa limefanya kazi ndani ya gereji zenye joto, mbali na chumvi. Upinde wake haukutikisika nilipouning'inia kwa uzito wangu wote. Mkanda ulikuwepo, unafunga na kufunguka.

Mwenyekiti alikuja amevaa koti lake la ofisini. Alitembea kuzunguka lile la machungwa, akasema hili si trekta, ni kiatu. Kisha akasema neno la maana, nami ni lazima nimpe haki yake. Alisema kitu chembamba huanguka upesi kuliko kitu kipana, hata mtoto anajua. Hapo alisema kweli, na nilikuwa nimelala nalo siku nyingi. Nikamjibu kwamba litapanda na kushuka tu, kufuata mistari, halitakata mteremko ubavu hata siku moja. Hatari iko kwenye kugeuka, huko vichwani mwa mistari. Kwa hiyo huko tutapachimba pawe tambarare kabla trekta halijakanyaga.

"Nani atachimba?" aliuliza.

"Mimi," nilisema.

Dada alipanda, akafunga mkanda, akaliendesha kwenye kile kijia kikali kinachoshuka gereji. Alishuka, akasimama katikati, akaachia klachi taratibu, likapanda bila kurudi nyuma hata unywele. Nilimwomba mwenyekiti anishikie ncha ya fito tupime tena mbele ya muuzaji. Alilishika. Alishika fito akiwa na koti lake, ameinama, na wafanyakazi wa pale wanatazama. Nilipima polepole kuliko ilivyohitajika. Naomba nisamehewe, lakini nilipima mara mbili. Kisha tukalinunua.

Theluji ilipoondoka nilichimba. Kila siku ya mapumziko nilikuwa mteremkoni na jembe. Juu paliisha haraka. Chini ndiko kulikonitoa jasho, kuna mawe ambayo yanazaliwa upya kila baridi, na maji ya ziwa yanapanda kwa chini chini. Dada alikuja akitoka zamu, akachimba kwa mtindo wa kwao, ameinamisha mgongo wote, akanipita. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuingilia mambo ya shamba, alileta chakula siku moja, akaona nilivyokuwa nakata udongo na kupima usawa kwa chupa ya maji, akauliza kama nilikuwa najenga uwanja wa ndege. Kisha akachukua koleo. Yeye ndiye aliyenitibu mguu huu miaka yote bila kujua ulivyovunjika, na huko chini kwenye tope nikamwambia. Aliendelea kuchota udongo. Baadaye akasema alijua tangu mwanzo haikuwa gari, mguu wa gari hauvunjiki hivyo.

Siku ya kwanza ya trekta mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mwenyekiti alipendekeza tuahirishe. Dada alisema kama haliwezi siku kama leo basi bora tujue leo. Akapanda. Mashine ya kufyeka nyasi imening'inia nyuma. Aliingia mstari wa kwanza, nami nilitembea pembeni yake mpaka pumzi ikaniishia. Huku na huku majani yalikuwa yanamgusa mabega, hakuna lililokatika. Alifika juu, akageuka kwenye tambarare, akashuka mstari wa pili.

Mstari wa kumi, chini, alipitiliza. Gurudumu la mbele lilitoka nje ya mahali nilipochimba, likazama, na trekta likaanza kulala upande wa ziwa. Nililiona linalala. Yeye hakuruka. Nilikuwa nimemwambia mara mia asiruke, anayeruka ndiye anayelaliwa. Alishusha ile mashine ya nyuma ikauma ardhi, akageuzia usukani upande wa bondeni, akaliacha lijikalishe. Likasimama limeinama, upinde umesimama imara juu ya kichwa chake, yeye amefungwa kwenye kiti anapumua. Kisha akaweka gia ya nyuma, likatoka lenyewe, likarudi kwenye tambarare yangu.

"Hapa uongeze hatua mbili," aliniambia.

Nikachukua jembe nikaongeza hatua mbili, yeye akisubiri. Kisha akamaliza mistari yote ishirini na sita. Alipozima moto nyasi zilikuwa zimekatwa sawa kutoka barabarani hadi majini, na mizabibu imesimama katikati kama imechanwa nywele. Yule bibi wa Kiswidi alitoka kibarazani kwake, akapiga makofi.

Mwenyekiti alikuwa ameshuhudia yote amesimama barabarani. Alishuka kwenye tope na viatu vyake. Hakuniomba radhi, na mimi sikuingojea, wala simpunguzii kosa lake kwa sababu hakuna aliyekufa. Alisema tu kwamba angependa kujaribu mstari mmoja, na safari hii hakuomba picha. Akapanda, akaukalia mkanda, akanyoosha mkono kwenye ufunguo. Dada alikuwa ameuchomoa.

"Si napanda hapo juu tu narudi," alisema mwenyekiti.

Dada alisimama na ufunguo mkononi, mikono imejaa grisi, akamtazama. Mwenyekiti alinitazama mimi. Nami nikamtazama hivyo hivyo.

Akajiinua, akauvuta mkanda kutoka chini yake, akaufunga. Tulisikia umelia. Dada akampa ufunguo, mimi nikatangulia mwanzo wa mstari nikamwonyesha kwa mkono aje, aje, taratibu, na mwenyekiti wetu akaja nilikomwelekeza.